Nyumba ya Injinia Saa Tisa Alasiri

Hapana, mwizi hakupita pale. Lile tundu la mraba unaloliona juu ukutani, lenye vibao vilivyolala kimoja juu ya kingine, lilikuwa la kiyoyozi. Na kiyoyozi chenyewe alikitoa mwenye nyumba kwa mikono yake, mchana kweupe, watu wanatazama. Kaa nikueleze, maana ukiuliza hapa mtaani kila mtu atakwambia lake, na wengine siku ile hata hawakuwepo.

Mwenye nyumba tunamwita Injinia. Uinjinia wa kusomea hana. Ni mwashi, mtoto wa mwashi, na jina alipewa siku alipomaliza nyumba hii, likamganda, naye akalipenda. Nyumba ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Barabara yetu, unavyoiona, ipo upande wa magharibi, basi na uso wa nyumba akauelekeza huko huko, apendaye kupita apite aone. Vioo kutoka magotini mpaka juu, sebule nzima inawaka kama duka la dhahabu. Yale matundu ya hewa ya juu ya madirisha, tuliyokulia nayo sisi wote, hakuweka hata moja. Alisema ya kizamani, yanaingiza vumbi, yanaharibu sura ya ukuta. Dari akaishusha chini kwa mtindo wa sasa. Bati akalipaka rangi nyekundu iliyoiva karibu na nyeusi.

Watu wakapagawa. Mtu akitaka kujenga, Injinia alimleta kwanza nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kochi, akamwacha atazame. Hakusema neno. Mtu anatazama, anameza mate, anasema, "Basi na mimi nijengee hivi hivi." Kwa hiyo ile ilikuwa nyumba, na papo hapo ndiyo lilikuwa duka lake.

Lakini wateja, ujue, huja asubuhi.

Saa tisa alasiri ilikuwa habari nyingine. Jua likishavuka likaanza kuteremka upande wa barabara, lilikuwa linaingia kwenye vile vioo kama limealikwa, linakaa sebuleni, na halina pa kutokea. Mke wake, Mama Pacha, ni fundi wa mapazia, na cherehani yake ya umeme ilikuwa pale sebuleni. Mchana alishona amejifunga kitambaa kichwani kuzuia jasho lisidondoke kwenye vitambaa vya watu. Aliwahi kuharibu pazia jeupe la bi harusi kwa jasho lake mwenyewe, akalilipa. Wala hakumwambia mumewe. Wale pacha wao, wasichana wa miaka kumi, wakitoka shule walikaa nje ukutani, upande wa kivuli, wakafanyia kazi za shule huko. Tulidhani wanapenda upepo tu.

Na ndani ya nyumba hiyo alikuwemo mama yake Injinia. Wote tunamwita Bibi.

* * *

Ilikuwa Jumatatu. Mama Pacha alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mteja, Injinia yuko kazini. Pacha wakarudi shule wakamkuta Bibi amelala sakafuni kati ya kochi na televisheni, macho yapo wazi, haitiki vizuri. Mmoja akabaki anampepea na daftari, mwingine akakimbia kuita watu.

Zahanati wakamwekea dripu. Muuguzi, mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuuza sokoni, akamuuliza Injinia, "Huyu mama mchana anashinda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumba gani?"

Injinia, Mungu amsamehe, akatoa simu akamwonyesha picha. Ile picha nzuri aliyopiga kutoka ng'ambo ya barabara.

Muuguzi akaitazama, akamrudishia simu yake. "Baba, sijakuuliza sura. Nimekuuliza ndani kukoje. Mama yako ana presha, na mwili wake umekaushwa na joto kama samaki. Leo umemuwahi. Kesho kutwa sijui."

Watu kwenye benchi wakasikia. Na wawili kati yao alikuwa amewajengea yeye.

* * *

Kesho yake akafika dada yake, Dada Mkubwa, mhasibu wa shule moja upande wa pili wa mji. Mtu wa maneno machache na yote yana ncha. Aliingia na mkoba begani, hakuketi.

"Mdogo wangu, mama nakwenda naye."

"Dada, kaa kwanza unywe maji."

"Nikae wapi? Kwenye jiko hili? Nimesimama dakika mbili mgongo umelowa." Akamgeukia Mama Pacha. "Wifi, na wewe fundi wa mapazia. Hakuna pazia moja la kumzibia mama jua?"

Mama Pacha akajibu kwa upole tu, "Yapo, wifi. Hilo hapo, lina tabaka mbili. Shika kioo nyuma yake uone."

Dada Mkubwa hakushika.

Sasa ujue jambo moja. Huyu dada hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake. Lakini anakaa ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Bibi alizihesabu siku aliyokwenda kumtembelea, akapumzika mara nne. Goti lake moja limekufa siku nyingi. Akipandishwa kule, hashuki tena. Atakaa dirishani kutazama vichwa vya watu mpaka siku atakayoshushwa amebebwa. Bibi alilijua hilo, na Injinia alilijua, na nadhani hata Dada Mkubwa alilijua, maana alisema akitazama chini.

"Nitarudi Jumapili ya wiki ijayo na gari. Na nitakuja saa tisa. Sitakuja asubuhi mnapopokea wageni. Nitakaa humu sebuleni saa nzima. Nikitoka jasho, mama anaondoka na mimi, na usinipigie kelele."

Bibi alikuwa chumbani, mlango wazi. Akasema kutoka humo ndani, "Mnanigawana kama mbuzi, na mimi nasikia."



* * *

Injinia akafanya kile ambacho mwanaume mwenye aibu hufanya. Akanunua kitu. Aliuza pikipiki yake, ile aliyokuwa anaendea kazini, akanunua kiyoyozi cha mtumba, kile cha boksi, kikubwa kama sanduku la bibi harusi. Akatoboa ukuta, tundu unaloliona, akakipachika Alhamisi. Kilipowashwa kilinguruma kama lori linapanda mlima na kokoto. Pacha mmoja akauliza, "Baba, kinaenda wapi?" Mwenzake akajibu, "Kinaenda kumalizia umeme."

Mtoto amesema kweli kuliko mkubwa. Umeme wao, kama wetu, ni wa kununua kabla, unaingiza namba kwenye mita. Ule waliokuwa wanatumia mwezi mzima, taa, cherehani, friji na pasi, kiyoyozi kiliulamba kati ya Alhamisi na Jumatatu. Ni kweli, siku nne zile sebule ilikuwa baridi. Injinia alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, vumbi mpaka magotini, lakini akiingia ndani anasimama chini ya kile chombo anafumba macho, anasema, "Mnaona?"

Ili baridi isitoke, alikuwa amepita na silikoni, ile gundi ya mpira, akaziba kila mwanya. Chini ya milango akapigilia vipande vya mpira. Nyumba ikazibwa kama chupa.

Jumatatu saa saba mchana mita ikalia mara tatu, kisha kiyoyozi kikanyamaza. Cherehani nayo ikasimama katikati ya mshono. Mama Pacha akakaa na kitambaa mkononi. Akaanza kusikia joto linakuja. Alinieleza baadaye, akasema halikuja kama la siku zote, maana siku zote lilikuwa na pa kupumulia kidogo chini ya mlango. Siku ile lilipanda kama maji kwenye ndoo. Akaacha kitambaa, akaenda chumbani kumtoa Bibi.

Bibi hayupo.

Akatafuta jikoni, bafuni, nje kwa majirani. Kwangu alikuja mikono kichwani. "Mzee, Bibi hajapita hapa?" Nikamwambia hapana, na mimi nikatoka na fimbo yangu. Tukamzungukia mtaa mzima mwanamke mwenye goti moja.

Aliyemwona ni Mama Pacha mwenyewe, kwenye stoo.

Hiyo stoo ipo nyuma ya nyumba. Ni kibanda cha vyumba viwili alichojenga marehemu baba yake Injinia, kwa matofali ya udongo, kuta nene kama urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, na juu kabisa chini ya paa kuna matundu pande mbili. Injinia alitaka kukibomoa apate pa kuegesha gari ambalo hajanunua. Mama yake akakataa, akasema ngoja nife. Basi akawa anaweka saruji humo.

Bibi alikuwa amelala juu ya mifuko ya saruji. Chini ametandika mifuko mitupu, khanga amejiviringisha kichwani, uso umejaa vumbi la kijivu kama maiti. Mama Pacha akapiga goti, akamgusa shavu. Lilikuwa na ubaridi wa kawaida wa mtu aliyelala. Bibi akafumbua macho.

"Usipige kelele, mwanangu. Naamka."

"Mama, unafanya nini humu?"

"Nalala. Mchana nalala humu. Kile chombo chenu kinanguruma, na baridi yake chumbani kwangu haifiki."

"Tangu lini?"

Bibi akajifuta vumbi mdomoni. "Tangu kiangazi cha mwaka jana. Mkitoka, au wewe ukiinamia cherehani, nakuja kwa mlango wa nyuma. Mkikaribia kurudi, najikung'uta narudi ndani."

"Na siku ile ulipoanguka?"

"Siku ile mumeo alishusha saruji mpya asubuhi akafunga kufuli. Nikasukuma mlango, nikasukuma. Nikarudi ndani."

Mama Pacha akakaa chini kabisa, kwenye vumbi. "Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini? Kila anayeingia mlango ule anaisifu. Wanatoka mbali kuja kuitazama. Niwe mimi mama yake wa kusema haikaliki?"

 Halafu Bibi akasema, na hili Mama Pacha alipolisimulia alikuwa anacheka na kulia pamoja, "Ila saruji ngumu, mwanangu. Ungeniletea hata mto."

* * *

Jioni Mama Pacha akamwambia mumewe. Hakumwambia mbele ya watoto. Injinia akapata kisingizio, kama tulivyo wanaume.

"Mazoea tu. Amezoea nyumba ya udongo. Mzee akizoea kitu, hata ukimpa kasri atarudi alikotoka."

"Haya."

"Na ile stoo ina giza. Giza linafanya mtu ahisi baridi."

"Haya, Baba Pacha."

Ukisikia mke anakujibu haya mara mbili, jiandae. Kesho yake, Jumanne, alichukua kopo la mafuta ya kupikia, yale meupe yanayoganda, akayagawa kwa kijiko kwenye visahani vitano, kila kimoja donge sawa sawa na lenzake, akayalainisha juu kwa kisu kama anapima ushonaji. Kimoja akakiweka karibu na vioo, kimoja juu ya kabati karibu na dari, kimoja chumbani kwa Bibi, kimoja jikoni, kimoja stoo. Saa tisa akamtumia mumewe ujumbe aje. Akaja kwa miguu, anahema, akidhani mama ameanguka tena.

"Mke wangu, mafuta unaanika?"

"Zunguka uyatazame. Kisha useme ni mazoea."

Akazunguka. La kwenye vioo lilikuwa maji, linacheza kwenye kisahani. La juu ya kabati maji vile vile, tena moto. La chumbani kwa mama yake lilikuwa limelegea, kidole kinazama. La jikoni limelala upande mmoja. Akatoka nyuma, akafungua stoo. Donge lilikuwa limesimama na alama ya kisu juu yake.

Alikaa humo stoo muda. Mimi nilikuwa nimeketi kwangu, nikamwona anatoka anapapasa ule ukuta wa baba yake kwa kiganja, anatazama juu kwenye matundu, anarudi ndani, anatoka tena. Akaweka unyevu wa ulimi kwenye kidole akakiinua kwenye tundu moja. Hewa ilikuwa inapita. Injinia wetu, mtu aliyejenga nyumba arobaini na kitu, alikuwa anasoma kibanda kama mtoto anavyosoma ubao.

Akaingia ndani akamwambia mkewe, "Kiyoyozi kinatoka."

"Na baridi?"

"Hatukununua baridi. Tulichonunua ni umeme wa kupigana na ujinga wangu. Kila siku ujinga uko pale pale, na kila siku umeme unakwisha."

Kusema kweli, mimi namsifu mtu huyu kwa neno hilo kuliko kwa nyumba zake zote. Wengine tungenunua kiyoyozi cha pili.

* * *

Jumatano akaanza. Kwanza alitoa kile kiboksi, akakiteremsha kwa kamba, na mbele ya watu. Lile tundu akaliacha, akalitia vibao vya kulala ili mvua isiingie hewa ipite. Kisha akapanda jukwaa na nyundo na patasi, akaanza kutoboa juu ya madirisha, moja moja, kwenye ukuta aliousugua wiki mbili upate ulaini ule. Upande wa pili, mashariki, penye kivuli mchana, akatoboa ya chini, karibu na sakafu, akaweka wavu wa mbu. Alinieleza: hewa ya kivulini inaingia chini, ya moto inapanda inatokea juu. Akatoboa na pembe za ukuta chini ya paa, pande zote mbili, joto linalokaa kati ya bati na dari nalo lipate njia.

Watu hawakumwacha. Kinyozi wa pale kona alikuwa anatoka na mkasi mkononi kila mteja akimaliza. "Injinia, kuna mlango kule chini, huna haja ya kutokea juu." Mwingine, "Mwambie mkeo akupe funguo." Injinia anapiga nyundo tu. Siku ya pili kinyozi akauliza kwa sauti ya chini kidogo, "Kwani saluni yangu nayo nitoboe?" Injinia akamwambia, "Saluni yako nilijenga mimi. Toboa."

Mama Pacha naye alikuwa na lake. Alisema pazia la ndani ni la urembo. Jua likishapita kioo limeshaingia, pazia linalifungia humo humo. La kuzuia linatakiwa nje. Akachukua turubai zito la pamba, mabaki ya kazi za watu, na magunia aliyoyafua mara tatu, akashona mapazia manne makubwa. Cherehani haina umeme, mumewe hana senti ya kununua mwingine, basi akashona kwa mkono, sindano ya magunia, vidole vimefungwa plasta. Fundi wa mapazia ya hariri huyo. Wateja wake wawili walipita wakamkuta amekaa chini na magunia, mmoja akamuuliza kama biashara imekuwa mbaya. Akamjibu, "Biashara iko salama, dada. Hili ni la mama mkwe wangu."

Mara ya kwanza waliyatundika yakagusa kioo. Joto likapita vile vile, gunia likawa kama blanketi. Mama Pacha akasimama barabarani, mkono kiunoni, akatazama. "Yasogeze mbele, shubiri mbili. Upepo upite katikati." Injinia akapigilia upya nguzo za kuyashikia. Siku hizi nyumba zote sita upande huu zina nguzo hizo, unaziona, lakini ya kwanza ilitokana na yule mama kusimama barabarani na mkono kiunoni.

Na bati. Lile jekundu lililomtoa jasho kulichagua. Alikoroga chokaa kwa chumvi na gundi, akapanda na fagio. Mimi nilimshikia ngazi. Akapaka mpaka likawa jeupe linaumiza macho. Nikamwambia mvua itakuja ilitoe. Akasema, "Nitapaka tena, mzee. Chokaa ni rahisi kuliko umeme."

* * *

Ijumaa, tena saa tisa badala ya asubuhi, akatokea Mzee wa Malori.

Huyu ana malori saba, na alikuwa amekubaliana na Injinia kujengewa nyumba ya vyumba sita, sura ile ile, kuanza mwezi unaofuata. Kazi ya mwaka mzima. Alikuwa amekuja kumwonyesha mkewe mpya. Akashuka garini akakuta fundi wake yuko juu ya jukwaa anaitoboa nyumba, magunia yamening'inia, bati jeupe kama zizi lililopakwa dawa.

"Injinia. Umepatwa na nini?"

Injinia angeweza kusema ni ukarabati. Ni matengenezo kidogo tu, mzee, rudi wiki ijayo. Nilikuwa chini, nilitaka aseme hivyo. Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, nyumba niliyokuonyesha uliiona asubuhi. Hukuiona saa hizi."

"Sasa?"

"Saa hizi haikaliki. Mama yangu alianguka humo ndani. Nikikujengea ile ile, mwaka wa kwanza utanunua viyoyozi sita, na umeme hutaulipa kwa lori moja. Nipe nafasi nikuchoree nyingine. Uso tuugeuze, vioo vidogo upande wa jua, baraza pana, matundu ya hewa."

Mke wa Mzee wa Malori akacheka, si kwa ubaya. "Yaani tumekuja kuona ile ya picha, tunapewa ya magunia."

Mzee wa Malori hakucheka. "Kijana, mimi nilitaka watu wakipita wasimame. Hiyo ndiyo ndoto niliyokuwa nailipia. Wewe kama umegundua hujui kujenga, ungeniambia kwa simu, nisingechoma mafuta." Akapanda gari. Kazi ile akampa fundi mwingine, na ilijengwa kwa vioo, inang'aa kule juu ya kilima, ina viyoyozi saba.

Injinia alibaki amesimama, vumbi la matofali kwenye kope. Mwaka mzima wa kazi umeondoka na gari lile. Mama Pacha alikuwa amesikia yote dirishani. Akatoka na kikombe cha maji.

"Kunywa."

Akanywa.

"Umebakiza matundu mangapi?"

"Manne."

"Basi panda, jua linakwenda."

Nimeishi miaka mingi na nimeona ndoa nyingi, na sijaona mke akimbembeleza mume vizuri zaidi ya vile.

* * *

Jumapili hakuna aliyekula mchana. Mama Pacha alipika wali na maharage na kachumbari tangu saa sita, akafunika, lakini kila mtu alisema bado, bado kidogo. Pacha walivalishwa magauni. Injinia alioga mara mbili. Mimi nikaitwa kama mzee wa karibu, kusudi dada mtu akianza maneno awepo mtu wa kusema jamani.

Saa tisa gari likasimama. Dada Mkubwa akashuka, na nyuma ya gari tuliona godoro jipya ndani ya nailoni. Alishanunua. Akatazama magunia, bati, matundu. Akatazama tundu la kiyoyozi, kile ambacho Bibi alishamsimulia kwa simu.

"Mlikiuza?"

"Kimo stoo," akasema Injinia.

"Mmekificha ili mkiwashe wapi?" Akaingia ndani, akanyoosha mkono kwenye kuta, akafungua mlango wa jikoni, akachungulia nyuma ya kabati akitafuta chombo kinachotoa baridi. Hakipo. Akaketi kwenye kochi lile la wateja, mkoba magotini, saa ya mkononi ameigeuza juu.

Tukakaa. Dakika kumi. Ishirini. Jua limesimama nje ya yale magunia, mwanga ukaingia wa njano uliopoa, kama ndani ya chungu. Haikuwa baridi, nisikudanganye. Ilikuwa kama ukikaa chini ya kivuli kizuri. Pazia la ndani lilikuwa linaondoka ukutani kidogo, linarudi. Dada Mkubwa alilitazama hilo pazia. Akajigusa nyuma ya shingo kwa vidole, akavitazama vidole. Injinia alikuwa anavitazama pia, na nadhani hajawahi kutazama kitu hivyo maishani.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Amelala chumbani," akasema Mama Pacha.

"Saa hizi?"

Akainuka akaenda. Tukasikia mlango unafunguliwa polepole.  Mlango ukafungwa, polepole zaidi. Akarudi akasimama katikati ya sebule, mkoba umening'inia mkononi kama amesahau ni wake.

"Amejifunika," akasema.

Injinia akauliza, "Nini?"

"Mama. Amejifunika shuka mpaka mabegani. Kuna kaupepo kanaingia pale chini."  Akamtazama mdogo wake mikono, ile mikono iliyopasuka kwa chokaa, na vidole vya wifi yake vilivyofungwa plasta. "Wifi, godoro lile ni laini. Hilo alilolalia mama limekwisha. Pacha watanisaidia kulishusha."

Basi. Hakusema samahani, wala hatukumngojea aseme. Pacha walishatoka mbio.

Sahani zikagongana, na nadhani ndizo zilizomwamsha Bibi. Akatokea mlangoni anakokota goti, shuka bado begani, akatukuta sote tumesimama kama watu wa msibani.

"Mnataka kula bila mimi?"

Meza walikuwa wameisogeza karibu na vioo, mahali ambapo saa kama ile hakuna aliyewahi kuketi. Dada Mkubwa akavua viatu akakaa. Pacha wakabanana kwenye kiti kimoja. Mama Pacha akafunua sufuria, mvuke ukapanda, ukaelekea juu, ukatoka zake nje. Nikakaa na mimi. Injinia peke yake alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti, anatazama juu ukutani, anapima kwa jicho tundu moja alilotoboa limekwenda upande.

"Liache hilo," mama yake akamwambia, akamvutia kiti kwa mguu wake mzima. "Kaa, mwanangu."

Akakaa.